Mbunge Aliyetaja Ng'ombe Zake

Mbunge wetu alikuwa hawezi kuingiza kitu uani bila kukitangaza. Akinunua viatu anavivua mlangoni, anavigeuza soli juu, anakwambia kavipata duka gani na kama kalipa au kakopa. Vikimbana kidole atakwambia na hilo, hata kama hukumuuliza na umesimama na sufuria ya maharage inakuunguza mikono. Siku aliyoleta redio kubwa alituita wapangaji wote tuione, akatuambia ni zawadi ya mfanyabiashara fulani wa sokoni, kisha akajikuna kichwa. "Bwana huyu anataka leseni ya duka la pili," akasema. "Basi mjue. Akiipata, mjue ni redio." Haikupita wiki redio ikarudi ilikotoka. Mfanyabiashara mwenyewe ndiye aliyekuja kuiomba, uso kauinamisha.

Nilikaa katika nyumba yake miaka mingi, Ng'ambo, Tabora mjini, chumba cha karibu na choo. Nilikuwa muuguzi, sijaolewa, na mdomo wangu ulikuwa mkali. Wanaonijua watakwambia haujapoa. Uani tulikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na fundi viatu na familia yake, Waislamu wa mjini wa tangu zamani. Kulikuwa na bibi mmoja mpika vitumbua. Kulikuwa na mimi, mtoto wa shamba kutoka Ziba. Na mwenye nyumba mwenyewe na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Mbunge.

Usidhani alikuwa malaika. Loh! Gari la serikali alilipenda kama mtoto anavyopenda baiskeli ya kuazima. Atalipanda kwenda sokoni, mwendo ambao hata kuku angeutembea, na watu wakimtazama atawaambia, "Gari lenu hili, na petroli yenu. Nimekuja kununua chumvi." Wanacheka, ananunua chumvi yake, anapanda gari anarudi. Siku moja nilimkabili. "Mbunge, sasa ukishasema ndiyo kosa limefutika?"

Alifikiri. "Halijafutika," akasema, "lakini mnalijua."

Kwake hilo lilitosha. Aliamini kabisa kwamba watu wakijua jambo, nusu ya ubaya wake imeshatoka. Sijapata kuona mtu mwingine aliyeamini hivyo, na kwa yaliyompata sitarajii kumwona.

Sukari alikuwa akiipima kwa jicho. Ukialikwa chai kwake unatiwa kijiko kimoja, na cha pili unakiomba kwa macho tu. Lakini mtoto wa fundi viatu alipoumwa degedege, yeye ndiye aliyembeba mikononi mpaka hospitali, miguu peku, kanzu ya kulalia imekwama magotini. Tulimcheka kwa hiyo kanzu mwaka mzima, naye alicheka pamoja nasi.

Kulikuwa na jambo moja kwake ambalo lilinichukua muda kulielewa. Mtu huyu aliyeweza kusimama mbele ya uwanja mzima akasema lolote, alikuwa hawezi kumwambia mtu mmoja, uso kwa uso, neno litakalomuuma. Fundi viatu alipozoea kugonga misumari jua halijatoka, sote tukalalamika, Mbunge akatoka kwenda kumwambia. Akaketi naye kwenye gogo, akamuuliza habari za watoto, akaisifu ngozi, akainuka akaingia ndani. Baadaye kidogo akatoka Mama Mbunge, khanga kiunoni, akasema lililokuwa la kusema. "Mume wangu ana sauti ya uwanjani tu," alituambia siku hiyo akichambua mchele. "Ya chumbani nimepewa mimi." Bibi wa vitumbua alicheka mpaka akapaliwa.

Sasa lazima niseme habari za ng'ombe, kwa sababu bila ng'ombe huwezi kumwelewa yeye, wala huwezi kunielewa mimi.

Kwetu Ziba mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote boma moja. Anawagawa kwa marafiki, wachache huku, wachache kule, ili ugonjwa ukiingia au ukame ukipiga asiamke maskini. Anayemtunzia anakunywa maziwa, analimia maksai, anapata samadi, na ikipita miaka anapewa mtamba awe wake. Hakuna aibu hapo. Ila jambo hilo lina adabu yake, nayo ni kwamba hamsemi. Ng'ombe aliyelala bomani mwako ni wako machoni pa watu. Mwenyewe akija kukutembelea anakuuliza mbele ya wote, "Ng'ombe zako hawajambo?" nawe unajibu, "Hawajambo, tunashukuru." Watoto wako wanakua hawajui. Majirani huenda wanahisi, lakini kuhisi si kuambiwa.

Baba alikuwa na boma kubwa. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaanza kazi, ndipo mama aliponinong'oneza kwamba ng'ombe wengi mle ndani walikuwa wa Mbunge. Wanaume hao wawili walikuwa marafiki tangu ujana wao, tangu walipokwenda pamoja kukata mkonge mikoa ya pwani na kulala kibanda kimoja. Baba alikuwa mfupi, mpole, wa maneno machache, na lile boma ndilo lililompa kiti mbele ya watu. Ugomvi wa mipaka uliletwa kwake. Wakwe wakikosana, waliitana kwake. Vijana walimwamkia wameinama, "Mwangaluka, baba," na hawakuinuka mpaka ameitikia. Hakumdanganya mtu. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema, na ndivyo ilivyokuwa kwa kila mwenye boma.

Basi likaja Azimio. Kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa, asipokee mishahara miwili, asijiingize katika mambo ya kibepari wala ya kikabaila. Tulicheza ngoma barabarani, mimi nilikuwa mmoja wao, viatu mkononi. Nilifurahi kwelikweli. Viongozi nao walicheza, kisha wakarudi makwao kufikiri.

Ebo! Muda si muda Tabora ikapata wenye nyumba wapya. Mama mkwe wa kiongozi mmoja, ajuza asiyeona mbele wala nyuma, akawa na nyumba mbili. Mwenyekiti mmoja nyumba yake ikawa ya mwanawe, na mwanawe alikuwa bado ananyonya. Bibi wa vitumbua akawa anawauliza wapangaji wa kule, "Kodi mnampelekea kabla hajanyonya au akishacheua?" Tulicheka sana. Tulidhani ni kichekesho tu.

Mama Mbunge hakuwa mjinga. "Nyumba iandike jina langu," alimwambia mumewe pale pale uani, wala hakupunguza sauti. "Wenzio wote wameandika."

"Mimi na wewe tunalala kitanda kimoja," akajibu. "Nitawaambia nini watu? Kwamba upande wa ukutani ndiko kwa bepari?"

"Usiwaambie kitu. Nani kakuuliza?"

Swali hilo alikuwa hana masikio nalo. Nyumba akaiuza kwa kaka wa fundi viatu, akabaki humo humo kama mpangaji mwenzetu, akapanga foleni ya choo kama sisi. Alituambia na bei, bila shaka.

Zikabaki ng'ombe. Fomu ya serikali ya kutaja mali aliijaza, na karani aliyeipokea akamwambia kwamba mambo ya mifugo ya kijijini hayana haja. Mwingine angeshukuru Mungu. Yeye akakosa usingizi. "Mtu akichungiwa ng'ombe na mwenzake, si ukabaila huo?" alinikamata na swali hilo asubuhi moja nikiwa nawahi zamu.

"Baba anakunywa maziwa na analimia maksai," nikamwambia. "Umemsikia akilia?"

"Sijui. Wacha watu waamue." Watu! Alilisema neno hilo kama wengine wanavyosema Mungu. "Fomu inasomwa na karani. Mimi sikuchaguliwa na karani."

Mkutano aliufanya Ziba kwetu, siku ya mnada, na mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo. Vumbi lilikuwa limepanda mpaka huoni ng'ombe yupi ni wa nani. Baba aliketi mbele, kwenye kiti chake cha miguu mitatu ambacho vijana walimletea. Mbunge akapanda juu ya gari lile lile la chumvi. Akalieleza Azimio vizuri, watu wakapiga makofi. Akasema anataka wajue mali yake, ili siku akitajirika wajue alianzia wapi. Makofi zaidi, na vigelegele. Akataja nyumba aliyouza. Akataja shamba. Kisha akasema, "Na ng'ombe," akaanza kutaja, boma kwa boma, jina la mwenye boma na idadi ya ng'ombe zake humo. Baba alikuwa wa tatu.

Hapakuwa na makofi. Nilisikia kwato, na mtu mmoja akikohoa. Waliokuwa karibu na baba hawakumtazama, na mimi ningeona afadhali wangemtazama. Yeye alikaza macho kwa Mbunge mpaka mkutano ukaisha, akainuka, akakibeba kiti chake mwenyewe akaenda nyumbani.

Na Mbunge je? Alidhani watu wamenyamaza kwa heshima. Nakwambia kweli tupu! Alishuka garini jasho linamtiririka, amefurahi kama bwana harusi, akaniambia, "Umeona? Hawajapata kusikia kiongozi akisema hivi."

"Kweli hawajapata," nikamjibu. Mkono alioninyoshea sikuupokea.

Hakuna aliyemtukana baba. Wangemtukana angalau angekuwa na wa kugombana naye. Ugomvi wa mipaka ukahamia kwa mtu mwingine, taratibu, bila mtu kutangaza. Vijana waliendelea kumwamkia, lakini sasa wamesimama wima. Siku moja kwenye josho la ng'ombe kijana mmoja, wala si mbaya, anapenda mzaha tu, akamwambia, "Mzee, pitisha basi ng'ombe za Mbunge, tunachelewa." Watu wakacheka. Baba akawapitisha. Tangu siku hiyo akaanza kula peke yake nyuma ya nyumba, mtu ambaye maisha yake yote alikula sahani moja na wanaume wenzake.

Mbunge alikuja kumtembelea baada ya muda. Akapewa kiti, akapewa maji. Kwa mazoea tu ya miaka, mdomo ukamtoka: "Ng'ombe zako hawajambo?"

"Zipi?" baba akauliza.

Hawakuzungumza tena la maana mpaka mgeni akaaga. Baba alimwitikia kwa adabu zote.

Kule mjini nako kulikuwa na moto wake. Kwa siku chache watu wa Tabora waliwauliza viongozi wengine, "Na wewe mbona hutaji?" Nilidhani ndiyo inaanza sasa. Kumbe wenyewe walishapata jibu. Wakasimama majukwaani, wale wale wenye mama wakwe matajiri, wakasema, mnamtaka kabaila, kabaila si huyu hapa, kakiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anawachungisha wazee wa watu ng'ombe zake? Ulipofika uchaguzi jina lake halikupitishwa. Aliyepitishwa ni yule mwenyekiti mwenye mtoto wa kunyonya. Alidumu bungeni mpaka mtoto akamaliza shule, na nyumba bado ni ya mtoto.

Ng'ombe akawatoa wote kwa kijiji cha ujamaa. Hakuna aliyemlazimisha. Walikuja kuwaswaga kutoka bomani kwetu asubuhi, mama akisimama na kibuyu kitupu. Kijijini wakachungwa kwa zamu, na mwenye zamu ana shamba lake linamsubiri, hana habari na kupe wala josho. Ndigana, homa ya kupe, ikawaingia, wakaisha masika hayo hayo. Hawakumfaa Mbunge, hawakumfaa baba, na kijiji hakikupata hata nyama, kwa kuwa bwana mifugo aliamuru wafukiwe.

Baba alifariki miaka michache baadaye. Mbunge alikuja msibani. Alikaa nje na wanaume, juu ya gunia, na hakuna aliyemsogelea wala aliyemfukuza. Nilimpelekea uji, akaupokea kwa mikono miwili. Alifungua mdomo kama anayetaka kuniambia kitu, akauliza kama barabara ya Nzega imekauka.

Mara ya mwisho nilimwona Urambo. Nilikuwa nimehamishiwa zahanati ya huko, na yeye, mkewe alipokufa, alikuwa amekuja kukaa kwa binti yake aliyeolewa na mkulima wa tumbaku. Gogo la kuni za kukaushia tumbaku lilikuwa limemwangukia mguu, ukafanya kidonda. Alikuwa amezeeka vibaya, shingo imebaki mishipa. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mbunge," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na sikusikia uchungu wowote sautini mwake kwa kuitwa hivyo. Ilikuwa mchana, wagonjwa wengine wamekwisha. Nikaanza kumwosha.

"Baba yako alinichukia mpaka anakufa?" akauliza ghafla.

"Baba hakujua kuchukia. Ulimvunja tu."

"Nilisema kweli."

"Ulisema kweli, nani kabisha?"

Akakunja uso, nikadhani ni kidonda. Kisha akasema, "Siku moja kabla ya ule mnada nilipita kwenu, nikala. Unakumbuka?"

"Nisikumbuke vipi? Nilipika mimi."

"Nilikuja kumwambia. Wallahi, hilo tu ndilo lililonileta. Kila nikitaka kusema namwona ananiambia, rafiki yangu, mimi usinitaje. Na angesema hivyo ningefanya nini? Nisingemtaja. Nikimwacha yeye, na wengine niwaache, ningesema nini basi pale? Nikaona nisimuulize. Nisipomuuliza, hajakataa."

Nikaacha kumwosha. Miaka yote nilikuwa na jambo hili kifuani na sikupanga kumwambia, lakini jinsi alivyolisema, kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kujisamehe, ilinipandisha damu.

"Baba alijua," nikamwambia.

"Alijua nini?"

"Kwamba utamtaja. Mama Mbunge aliniambia pale uani kabla sijapanda basi, na mimi nilipofika tu nikamwambia baba. Hakukasirika. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, akauchonga mpaka mwisho, kisha akasema, 'Basi atakuja kuniomba.' Akachinja mbuzi. Hukujiuliza yule mbuzi alikuwa wa nini?"

Akashika ukingo wa benchi.

"Alikuwa ameshaamua. Ungemwomba tu, angesimama yeye kwanza mnadani, kabla yako, awaambie watu kwa mdomo wake: ng'ombe hizi ni za rafiki yangu, nimemtunzia, na nimefaidika. Alijaribu na maneno yenyewe mbele ya mama. Mlikula, akangoja. Mkanawa, akangoja. Akakusindikiza mpaka barabarani, mbali kuliko anavyomsindikiza mtu yeyote. Mlizungumza nini njiani?"

"Mvua," akasema. "Tulizungumza habari za mvua."

"Aliporudi akamwambia mama, labda kaghairi. Ndiyo maana kesho yake akaenda akakaa mbele."

Mbunge aliutazama mguu wake kama wa mtu mwingine. Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni wa tumbaku, magurudumu yanalia, na sote wawili tukasubiri mpaka umepita.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa najua kwamba angekataa. Ungeniachia hilo."

Nilimfunga bandeji, nikamwambia arudi keshokutwa. Hakurudi.